Magurudumu Madogo Chini ya Viazi

Jumamosi, 8 Novemba 1997. Kiirua. Asubuhi mvua nyepesi, upepo wa kutoka mlimani, ukungu mpaka kwenye ua wa ng'ombe. Mlima hauonekani.

Baba,

Wameondoka. Nilisimama langoni mpaka mlio wa injini ukapotea kwenye mvua, kisha nikaenda kumkamua Ntune, yule ndama wako mwekundu ambaye sasa ni ng'ombe mzima na ana kiburi. Nimemaliza, nimenawa mikono, na sasa nimekaa kwenye meza yako ya dirishani. Koti lako bado liko msumarini nyuma yangu. Mama hataki liguswe.

Shajara hii ni ya hali ya hewa na maziwa, unajua. Ulikuwa ukinicheka kwamba siku nikisahau kuandika mvua, huko juu hawataihesabu. Leo siwezi kuandika mvua peke yake. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumba hii haina mtu mwingine wa kunielewa nikisema kwamba mkia wa Cucu, gari lako la buluu, uko juu kuliko kichwa chake.

Mwanao Kinoti anapeleka mahari leo. Msichana anaitwa Wanja, kwao ni Mbeere, chini ya mji wa Embu. Ni mtu mpole, anacheka kwa pua kama Mama. Ungempenda. Wazee wametangulia na gari la kukodi. Kinoti ameondoka na Cucu, Mama akiwa kiti cha mbele, amevaa sweta ya buluu uliyomletea kutoka Nanyuki, na mzigo umejaa nyuma. Mimi nimebaki na ng'ombe.

Nina hofu, Baba. Nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha kueleza ugonjwa wa gari: ulianza lini, gari lina mzigo au ni tupu, barabara ni kavu au ina maji.

Ulianza baada yako. Ulipotuacha, wazee walikaa hapa uani wakagawa vitu, na gari likapewa Kinoti kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Mimi nilipewa sanduku la spana. Nadhani walifikiri wananifariji. Kama wangeniuliza, ningeliomba sanduku hilo hilo. Cucu alikaa chini ya banda karibu mwaka mzima, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, mpaka Kinoti alipoanza biashara ya miraa. Ananunua Kangeta, anapakia, na kuteremka nayo hadi Embu kabla majani hayajanyauka. Anafanya kazi kwa bidii, siwezi kusema vingine. Amemnunulia Mama tangi la maji, na paa la jikoni halivuji tena.

Lakini unalijua gari lako. Ulilinunua kwa yule mzungu wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao, na hata wakati huo springi za nyuma zilikuwa zimechoka. Ukilijaza miraa, mkia unakaa chini na bomba la moshi linakwaruza kila tuta. Kinoti alilalamika, na rafiki zake wa Kangeta wakamwambia afanye wanavyofanya wao: afunge magurudumu makubwa nyuma, ya pikapu, na mbele aache yale yale. Fundi Ireri wa Meru akayafunga. Akapinda midomo ya fenda kwa nyundo ili tairi lisiguse, akaweka vipande vya chuma chini ya springi kuliinua zaidi.

Likipakiwa, Baba, linapendeza. Linakaa sawa mbele na nyuma, kama siku zako. Linapita kwenye mitaro ya njia yetu bila kugusa chini. Siku ya kwanza Kinoti alinizungusha nalo likiwa limejaa magunia, akaniuliza: "Sasa, dereva wa Baba, unasema nini?" Nikasema ni zuri, na lilikuwa zuri.

Kilichonisumbua ni kwamba sikusikia mtu yeyote akisema maneno yako. Kila gari lililotoka kwa fundi pale kiwanda cha kahawa ulikokuwa dereva, lori au pikapu, ulikuwa unakataa kulipakia. Mafundi walikuwa wakikuiga nyuma ya mgongo wako, mmoja anashika kiuno na kutoa kitambi: "Nionyeshe kwanza likiwa tupu." Uliniambia kwamba gari lenye mzigo linatulia kama ng'ombe aliyeshiba, na huwezi kujua tabia yake. Likiwa tupu ndipo linasema linavyofikiri.

Mimi nimelisikia likisema. Ilikuwa mwanzo wa mvua hizi. Kinoti alikuwa amelala, akanipa ufunguo nikalete chakula cha ng'ombe sokoni. Duka lilikuwa limefungwa, kwa hiyo nikarudi buti likiwa tupu, lami ikiwa imelowa. Kwanza nikaona usukani umekuwa mwepesi isivyo kawaida, na ukikata kona haurudi wenyewe, lazima uurudishe kwa mkono. Pua iko chini na uzito wote umeinama mbele. Halafu pale kwenye kona ya mikaratusi nilipunguza mwendo, niligusa breki tu, na nyuma ikatoka. Haikutoka kwa kishindo. Ilitoka polepole, kana kwamba inakwenda mahali pake na mimi ninakwenda pangu. Nilipotulia nilikuwa nimetazama Nanyuki badala ya nyumbani. Hakuna gari lililokuwa linakuja. Nilikaa pale nikisikiliza waipa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliangalia kama mgonjwa. Mshale wa spidi umejifunza kusema uongo, kwa sababu kila mzunguko wa gurudumu kubwa unameza barabara zaidi, na mshale haujui. Ukidhani unakwenda polepole, miti inakuambia vingine. Gia pia zimebadilika. Unakumbuka ulivyonifundisha kuteremka mteremko wa Nithi, kwenye njia ya Embu? Gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, mguu mbali na breki. "Injini ndiyo inayoteremka, wewe unaisindikiza tu." Sasa gia ile ile ya pili imekuwa ndefu, haishiki kama zamani, na gari linakuponyoka mpaka ukanyage breki, na unakanyaga tena, mpaka unasikia harufu. Na taa za mbele zinaramba ardhi hapo hapo mbele ya bampa. Usiku huoni kona, unaona kokoto.

Nilimwambia Kinoti. Nilichagua wakati ameshiba.

"Nimeenda Embu na kurudi wiki ngapi sasa? Na bado niko hapa nakula githeri yako."

"Ukienda una mzigo," nikamwambia. "Nakuuliza ukirudi."

"Nikirudi gari ni nyepesi, inaruka tu." Alisema hivyo kama mtu anayesifu.

Nikaenda Meru kwa fundi Ireri. Alikuwa chini ya lori, nikaongea na miguu yake. "Madam, hiyo gari nilifunga kwa mzigo," miguu ikasema. "Ukiniletea ng'ombe nimfunge jembe, usirudi kuniuliza mbona hachezi mpira." Kisha akatoka, akajifuta uso, na sura yake haikuwa na mzaha. "Ikiwa tupu aende pole. Nilimwambia."

"Alisikia?"

"Alikuwa ananiuliza kama naweza kumwekea redio."

Nilijaribu kuzoea, Baba. Nilijiambia Kinoti ni mtu mzima, gari ni lake, na anaijua njia ile kuliko mimi. Nimekuwa nikilala tu baada ya kusikia lango. Lakini Alhamisi tulikuwa jikoni, Mama akipanga vitu vya mahari: viazi magunia mawili, sukari, unga, kreti za soda, mtungi wa asali ulioagizwa kutoka Tharaka. Akawa anasema, hiki ni cha baba mkwe, hiki ni cha bibi, hiki ni cha wanawake wa jikoni. Kila alichokitaja kilikuwa kinabaki kule. Nikaona buti tupu. Nikamwona Mama kwenye kiti cha mbele, jioni, mvua inanyesha, wanateremka Thuci na kisha Nithi, na hakuna kitu nyuma cha kushika magurudumu chini.

Mahari hupelekwa hivyo, unakwenda na mzigo na kurudi mikono mitupu. Sidhani kuna safari mbaya zaidi kwa gari lile.

Nikamwambia Mama yote. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakusimama.

"Nitaingia kwa watu nikiwa ndani ya gari la baba yenu," akasema. "Hilo usiniombe."

Nikasema simwombi hilo. Namwomba tu kwamba wakirudi akae nyuma, aongeze uzito.

"Mama wa bwana harusi akae nyuma kama kuku?"

 Halafu nikamwambia habari ya magurudumu yako. Yale madogo, ya gari lenyewe, niliyaomba kwa Ireri siku ile ile alipoyatoa, yapo stoo yamening'inia, matairi yake bado ni mazuri. Nilimwambia: asubuhi ya Jumamosi nitayalaza chini kabisa ya buti pamoja na jeki na spana, kisha viazi juu yake. Kwenda, makubwa yabaki, kwa kuwa mzigo ni mzito na njia ya kule kwa akina Wanja ni mbovu. Kurudi, yafungwe madogo. Wala si kazi kubwa. Lakini Kinoti hatanisikia mimi. Na akijua sasa, atayatupa nje ili apate nafasi ya kreti nyingine ya soda.

Mama alipuliza makapi ya maharagwe. Hakusema ndiyo, hakusema la. Hata leo alfajiri, nilipokuwa nikipakia na Kinoti akinyoa ndevu, alipita karibu yangu akafunga vifungo vya sweta na kunitazama kama vile ninapakia kuni. Kinoti alipokuja kufunga buti akasema nimepanga vizuri, ningefaa kuajiriwa Kangeta.

Kwa hiyo sijui, Baba. Naketi hapa na sijui kama mama yangu atafungua mdomo mbele ya wakwe na kumwambia mwanawe, siku yake kubwa, mbele ya msichana wake, kwamba gari lake halifai. Unamjua. Miaka yote hakuwahi kukupinga mbele ya mgeni, hata siku uliyouza mbuzi wake.

Naweka kalamu. Mvua imezidi.

*

Mchana. Nimetengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umeharibika. Nimesafisha spana zako zote kwa mafuta taa na kuzirudisha kwa ukubwa. Jirani aliyetoka Meru anasema upande wa Chuka mvua ni kubwa kuliko hii, magari yanakwenda na taa mchana. Nilimwuliza kama ameona gari la buluu, akaniambia dada yangu, leo sijaona hata mguu wangu.

Nakumbuka siku ulipofunga breki na ukasahau kurudisha nati moja, ukaikuta mfukoni ukiwa kanisani, katikati ya maombi. Ulitoka. Pasta alidhani umeguswa na neno. Ulitembea mpaka nyumbani ukiacha gari pale, ukarudi na spana. Mama alisema umemwaibisha. Ulisema bora aibu. Sijui kwa nini nakumbuka hilo leo. Hapana, najua.

*

Wamerudi.

Nitaandika nilivyoona mwanzo hadi mwisho. Giza lilikuwa limeingia. Nilikuwa langoni na koti lako kichwani, ndiyo, nililitoa msumarini, nisamehe, mvua ilikuwa nyingi. Gari likakunja kutoka lami. Wiki hizi zote nimelijua Cucu gizani kwa vile taa zake zinavyoramba matope mbele ya bampa, huwezi kuona chochote zaidi. Leo taa zilifika mbali. Ziligusa ua wa misipresi, zikapanda mpaka kwenye paa la banda, zikanipiga usoni. Nilijua kabla sijaliona gari. Nilifungua lango, Baba, mpaka mwisho.

Mama alishuka peke yake, polepole, viatu mkononi. "Umelitoa koti," akasema. Basi. Amenieleza mengine jikoni, akiota moto, Kinoti akiwa anamwangalia Ntune zizini bila sababu.

Walifika salama. Vijana wa kwao Wanja waliteremsha mzigo, na walipomaliza viazi wakateremsha na magurudumu, wakayapanga barazani pamoja na sukari na asali. Mzee mmoja wa Mbeere akauliza kama huko Meru siku hizi mahari huletwa kwa tairi. Watu wakacheka. Msemaji wetu akajibu kwamba wameleta na miguu ya kumrudisha bwana harusi. Mama anasema Kinoti alicheka na wengine, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Alijua mkono wa nani umepanga.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Wakala. Jioni wakasindikizwa hadi kwenye gari. Sasa lilikuwa tupu, mkia umeinuka juu, pua chini, na bibi yake Wanja akauliza hili gari linasujudu nini. Kinoti akamfungulia Mama mlango wa mbele. Mama akaomba kiti. Akaletewa kiti, akakaa pale uani chini ya mwavuli wa mtu mwingine, mbele ya wakwe wote, akasema:

"Nionyeshe kwanza likiwa tupu."

Kinoti akadhani ni utani. "Mama, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Na mimi naangalia."

Baba, sijawahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Sikujua kama aliwahi kuyasikia.

Kinoti akaliendesha hadi njia panda, akageuza, akarudi. Nadhani alirudi kwa kasi kidogo, kwa hasira. Pale langoni alipokata kona na kugusa breki, nyuma ikatoka vile vile ilivyotoka kwangu, ikapiga ua wa minyaa, utomvu ukaruka kwenye kioo. Wanja alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Hakupiga kelele. Alifunika mdomo kwa mkono, na Kinoti aliona hilo. Mama anasema hapo ndipo alipozima injini.

Alishuka, hakumtazama mtu. Akaenda barazani akalichukua gurudumu la kwanza kutoka katikati ya sukari na asali, akaliviringisha uani, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake mpya ya harusi.  Kisha baba yake Wanja akavua koti, akampa mkewe, akashika jeki. Mama anasema yule mzee hakuuliza swali hata moja, alisema tu, "Mkwe, legeza nati kabla sijainua." Kama vile ungesema wewe. Waliyafunga mawili, wakatia makubwa ndani ya buti, na Mama akaingia akakaa kiti cha mbele.

Walipofika Nithi, anasema, Kinoti alitia gia ya pili bila kuambiwa, na gari likashikwa. 

Ungetaka niishie hapo, lakini sitakudanganya, moyo wangu haujatulia. Kinoti alikula bila kunitazama. Jumatatu anarudi Kangeta. Miraa haiwezi kubebwa na springi hizi na magurudumu madogo, hilo ni kweli, hata wewe ungekubali. Kwa hiyo makubwa yatarudi. Na atakaposhusha mzigo Embu, peke yake, mvua ikinyesha, amechoka, hakuna Mama kwenye kiti wala mkwe wa kushika jeki, sijui kama atapiga magoti. Nilitaka kumwambia hayo mezani. Niliona magoti ya suruali yake yalivyokuwa, nikamwongezea chakula.

Alipoinuka kwenda kulala alisimama mlangoni na kunipa mgongo.

"Yale madogo ulitia upepo wapi?"

Nikamwambia, pale petroli ya sokoni.

"La kushoto limepungua." Akashika mlango. "Jumatatu nikishafunga makubwa, hayo uyapange chini tena, kama leo. Na jeki iwe juu, nisilazimike kufukua."

Akaenda. Mama akatazama moto.

Nimeliweka koti lako karibu na jiko likauke, kesho litarudi msumarini, na ukitaka kulalamika, lalamika kwa mvua. Baki na amani yako, Baba. Mimi nakuahidi hivi: kila anapoondoka, magurudumu yako yatakuwa ndani, yamejaa upepo, na jeki juu. Na kila anaporudi nitakuwa langoni nikiangalia taa zinafika wapi. Zikifika kwenye misipresi nitaandika mvua na maziwa, na utajua ni salama. Zikiramba matope, nitaongea naye, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Mama amenionyesha jinsi ya kufanya.

Maziwa ya jioni yamepungua, Ntune hapendi mvua. Mvua yenyewe imekatika sasa. Nalala saa tano na nusu.